Mwaka wa Nambari za Nyumba

Binti ya Akinyi alinipigia simu Jumapili moja nikitoka kanisani hapa Nakuru, na ikabidi ajitambulishe mara mbili kabla sijamjua, maana mara ya mwisho nilipomwona alikuwa mtoto wa shule aliyekataa kula mboga. Mama amepumzika, akasema, na mazishi ni Ijumaa ijayo kwao Siaya. Nikampa pole. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa kusumbua, kama ninayo picha yoyote ya mama yake akiwa kijana, kwa sababu zile walizo nazo ni za siku za ugonjwa. Nikamwambia sina. Nilipokata simu nilikaa kwenye ukuta wa kanisa na hasira ikanipanda, si kwa mtoto, bali kwa ule mwaka mmoja ambao kila mtu wa rika langu anauruka kama dimbwi. Wakilazimika kuutaja husema "ile wakati ya fujo," halafu huuliza kama mvua imenyesha kwenu. Mimi nimechoka kuulizwa habari za mvua. Kwa hiyo nitauandika mwaka huo kama nilivyouona kutoka chumba cha faili, na asiyetaka kuusoma asiusome.

Elfu mbili na saba nilikuwa karani katika ofisi ya wafanyakazi ya shamba moja la maua kando ya Ziwa Naivasha, shamba ambalo sitalitaja na ambalo hata hivyo limeshabadilisha jina na wenyewe. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya jengo la kupakia maua. Cha mbele kilikuwa cha Bwana Pravin, ofisa wa wafanyakazi, chenye meza safi kupita kiasi na kalenda ya miungu iliyotumwa na duka la mjomba wake. Cha nyuma kilikuwa cha faili: rafu za mbao kutoka sakafuni hadi darini, mafaili ya kahawia yaliyofungwa kwa kamba, na dirisha moja lililotazama vibanda vya plastiki vya waridi. Ukuta wa ndani ulipakana na chumba cha baridi, kwa hiyo ulitetemeka siku nzima, na ukiuegemea mgongo unaingia ganzi. Harufu yake sijaikuta tena mahali popote, majani mabichi na dawa ya salfa na karatasi zilizozeeka, zote pamoja. Akinyi, karani mwenzangu, alisema ni harufu ya kanisa la matajiri. Wakati huo nilikuwa bado namwita Mama Mercy, kwa heshima, maana alinizidi umri na alianza kazi shambani hapo akichuma maua binti yake angali mgongoni. Ofisini aliletwa kwa sababu ya mwandiko wake, ambao alijivunia kuliko uso wake, na uso wenyewe ulikuwa mzuri.

Kazi ya kuskani haikuletwa na maendeleo, ililetwa na nafasi. Shamba lilitaka kupanua chumba cha baridi, na kilichokuwa njiani ni chumba chetu. Tena wanunuzi wa Ulaya walikuwa wakituma wakaguzi kuuliza rekodi za wafanyakazi, na Bwana Pravin alikuwa akiaibika kutafuta faili huku wageni wamesimama wakipiga chafya. Basi yakaja maagizo kwamba kila karatasi iingie kwenye kompyuta. Mashine tulikuwa nayo tayari, fotokopi kubwa ya kijivu iliyokaa kwenye korido, na muda wote tuliitumia kutoa kopi tu, kama mtu anayefuga ng'ombe kwa ajili ya samadi. Ilikuwa na kitufe cha skani ambacho hakuna aliyekigusa kwa kuogopa kukiharibu. Fundi akaja kutoka Nakuru, akavuta waya mpaka kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma, akatuonyesha mara moja tu, haraka haraka, akaenda zake. Unaweka karatasi juu, unabonyeza, nayo inazimeza moja moja na kuzitoa upande wa pili. Ukienda kwenye kompyuta unakuta picha zake, zimepewa jina la tarakimu ndefu zisizo na maana kwa binadamu. Kazi yako ni kuifungua ile picha, kuangalia kama inasomeka, na kuipa jina ambalo mtu ataweza kulitafuta kesho.

Ingekuwa rahisi kwa karatasi za ofisini, lakini sisi hatukuwa na karatasi za ofisini. Tulikuwa na barua za machifu zilizokunjwa mara nne na kusafiri kutoka Kakamega ndani ya sidiria, vyeti vya kuzaliwa vilivyomwagikiwa chai, kopi za vitambulisho, karatasi za kliniki, na kandarasi zilizotiwa alama za vidole gumba. Mashine ilizikataa. Ilizikwamisha, ikawasha taa nyekundu, na sisi tukafungua tumbo lake tukachomoa vipande kwa kile kikoleo cha Akinyi cha kung'olea nyusi. Baada ya siku kadhaa za mateso Akinyi akaja na pasi ya umeme aliyoiazima kwa jirani. Alitandika leso mezani, akafunika barua ya chifu kwa kitambaa cha pamba, akapitisha pasi yenye moto kidogo, na karatasi iliyojikunja miaka na miaka ikalala. Tangu hapo tukawa na utaratibu wetu: yeye ang'oe pini na kupiga pasi, mimi nilishe mashine na kuandika majina. Zilizochanika sana tuliziweka juu ya kioo, moja moja, tukafunika, taa ikapita chini yake polepole. Siku Bwana Pravin alipoingia na kukuta kandarasi za shamba zikipigwa pasi, aliuliza kutoka mlangoni kama na yeye anaweza kuleta mashati.

Tulikula humo humo, juu ya leso ile ile. Mimi nilileta githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ambayo Akinyi aliiita chakula cha wafungwa, na yeye alileta omena, dagaa wadogo wa ziwa, ambayo nilimwambia inanitazama kwa macho mengi kuliko ninavyoweza kustahimili. Mwisho wake tukawa tunabadilishana sahani bila kusema. Bwana Pravin hakula nyama wala samaki. Siku za omena alifungua madirisha yote ya chumba chake na kula upepo ukimvuma, chapati nyembamba na viazi vyenye mbegu za haradali, kutoka kwenye mkebe wa chuma wenye ghorofa tatu. Kilichobaki alituletea, tena alisimama mpaka tuonje. Ukuta ulikuwa mwembamba, kwa hiyo tuliyajua mambo yake yote: mke wake anataka wahamie Nairobi, mama yake anakataa kuondoka Nakuru alikozaliwa, ndugu yake wa Uingereza anamwita mjinga kwa kubaki. Na yeye bila shaka aliyajua yetu. Alijua kwamba Akinyi anakusudia kuacha kazi mwaka utakaofuata, achukue kiinua mgongo cha miaka yake yote, amwingize Mercy sekondari ya bweni na kwa kitakachobaki afungue duka la cherehani kwao. Aliyasema hayo kila siku, akipiga pasi. Ilikuwa kama sala yake ya mchana.

Kilichotusumbua kuliko yote ni majina. Kwetu mtoto hupewa jina la babu, na babu naye alipewa la babu yake, kwa hiyo shamba lilijaa akina Mwangi wa Kamau na Kamau wa Mwangi, na nusu yao wote walibatizwa John. Upande wa Akinyi walikuwa wakiitwa kwa saa waliyozaliwa, na inaonekana wengi walizaliwa asubuhi. Nambari za kazi nazo hazikusaidia, maana kandarasi ilikatwa kila msimu na mtu akirudi anapewa nambari mpya. Lakini nyumba hazikubadilika. Shamba lilikuwa na makao yake, mistari ya vyumba vya mawe, kila mstari na herufi yake na kila chumba na nambari iliyopakwa rangi nyeupe juu ya mlango. Mtu akishapata chumba hakiachi hata kandarasi ikiisha. Humwachia ndugu akilinde mpaka msimu urudi. Ukimuuliza mtu wa pale yeye ni nani, anakujibu kwamba yeye ni wa C kumi na nne.

Ni Akinyi aliyeona. "Nyambu, kwani tunasumbuka na majina ya nini?" akaniambia. "Andika nyumba kwanza. Halafu jina, halafu kwao." Kwao, yaani ile wilaya iliyoandikwa kwenye kitambulisho, ili Otieno wa Siaya asichanganywe na Otieno wa Kisumu wanaoishi chumba kimoja. Tukajaribu, na kompyuta ikazipanga faili yenyewe, mlango baada ya mlango, kama mtu anayetembea mtaani jioni akisalimia. Bwana Pravin aliyeleta wakaguzi wiki iliyofuata alitafuta mtu mbele yao kwa muda wa kufumba na kufumbua, na siku hiyo Akinyi akapewa chupa nzima ya achari ya maembe iliyotengenezwa na mama yake Pravin. Tulijiona watu wa maana sana. Karatasi tulizomaliza zilipelekwa na mkokoteni kwenye shimo la kuchomea maua yenye ugonjwa, na Bwana Pravin akasema baada ya Krismasi atanunua sidii za kuhifadhi nakala. Faili ya Akinyi nilimskania mwenyewe. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha yake ya ujana, nywele zimesimama, akimtazama mpiga picha kama anayemdai. Alicheka mpaka akakaa chini, akaniambia niiache hapo kwenye skrini kidogo aitazame.

Halafu uchaguzi ukaja, matokeo yakatangazwa, na nchi ikawaka. Mimi ni Mkikuyu na Akinyi alikuwa Mjaluo, na kabla ya siku hizo jambo hilo lilikuwa la utani wa githeri na omena tu. Tuliporudi kazini Januari tulikuta Naivasha imejaa watu waliokimbia kutoka juu, upande wa Nakuru na mbele zaidi, watu wetu, wenye watoto na magodoro na habari ambazo sikutaka kuzisikia na nilizisikia. Walikaa kwa jamaa zao, watu kumi chumbani, wakisimulia. Ukienda kununua maziwa unasimuliwa. Kwenye foleni ya mfereji unasimuliwa. Na polepole ile huzuni ikageuka kuwa hasira, na hasira ikawa inatafuta aliye karibu. Sauti zilishuka Akinyi akipita. Wanawake waliozoea kumsalimu kwa jina la mtoto wake wakawa wanasalimu ardhi. Yeye aliendelea kuja kazini, kung'oa pini na kupiga pasi, lakini zile habari za duka la cherehani hakuzisema tena.

Msimamizi wa stoo ya dawa aliitwa Baba Shiku. Alikuwa mzee wa kanisa letu, mpole, na ndiye aliyenipeleka kwa mkono kuomba kazi nilipomaliza chuo. Dada yake alichomewa nyumba huko juu akafika kwake na watoto, bila viatu, na mtoto mmoja hakufika. Tangu siku hiyo Baba Shiku aliongea kidogo sana. Alhamisi moja saa ya chakula aliingia chumba cha nyuma, akakaa kwenye kiti changu, akakubali chai. Akaniuliza habari za mama. Kisha, kwa lugha yetu, bila kubadilisha sauti, akasema, "Hiyo kompyuta yenu si ndiyo inajua nani anakaa wapi na ametoka wapi? Nitolee tu, mlango kwa mlango. Ni mambo ya usalama."

Akinyi alikuwa hatua mbili kutoka kwetu, anapiga pasi. Alikuwa ameishi Naivasha miaka mingi na lugha yetu aliisikia vizuri kuliko watoto wangu wanavyoisikia leo. Nikamjibu kwamba wino wa mashine umeisha na tumeagiza Nakuru, na barabara anaijua ilivyo. Akafikiri. Akasema ofisi kuu kuna mashine nyingine, nisiwe na shida mimi mtoto wake, kesho asubuhi atakuja na kijana anayejua kompyuta. Akamaliza chai, akashukuru, na mlangoni akageuka akasema kwa Kiswahili, "Mama Mercy, uko sawa? Tuombeane." Akinyi akamjibu kwamba yuko sawa, mzee, na tuombeane. Ni baada ya yeye kwenda ndipo nilisikia harufu ya kuungua. Pasi ilikuwa imesimama mahali pamoja muda wote huo, na cheti cha ubatizo cha mtu fulani kilikuwa kimegeuka rangi ya mkate.

Nilimpigia simu Bwana Pravin, ambaye alikuwa amejifungia Nakuru na familia yake. Akasikiliza, akapumua, akasema tusimfungulie mtu yeyote ofisi na tungoje Jumatatu. Jumatatu ilikuwa mbali kama Krismasi. Tukakaa tukatazama ile kompyuta. Kubadilisha majina ya faili zote kungetuchukua wiki. Kuibeba hatukuweza, kwa sababu kila mfanyakazi alipekuliwa getini akitoka, asije akaiba maua au mikasi, na walinzi walikuwa watu wa kanisa lile lile. Kuichomoa waya hakukuwa na maana kwa kijana anayejua kompyuta. Kila njia niliyoitaja Akinyi aliitikisia kichwa, na nilijua anangoja nitaje ile moja niliyokuwa nikiizunguka.

"Tukifuta," nikasema, "hawa watu wote ni kama hawajawahi kufanya kazi hapa. Karatasi tulishachoma. Hata wewe."

"Najua."

"Miaka yako yote, Akinyi." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita kwa jina.

"Mimi ndio nilisema tuandike nyumba," akajibu. "Toa mkono hapo."

Sikuutoa mkono juu ya kipanya cha kompyuta. Nilimwambia labda Baba Shiku hatakuja, labda ni hasira tu, labda ni kweli anataka kwa usalama. Nilisema mambo mengi ya kijinga kwa sababu nilikuwa naogopa, na nilichoogopa sikuweza kukitenganisha: niliwaogopea wao, niliogopa kufukuzwa kazi, nilimwogopa mzee aliyekunywa chai yangu. Kisha nikamwambia angalau nimtolee faili yake yeye, karatasi chache tu, azifiche kwenye nguo. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Umemwambia mzee wino imeisha," akasema. "Nikipatikana getini na karatasi ya leo, mimi nimekwisha, na wewe pia umekwisha. Toa mkono, Nyambu." Nikautoa.

Alifuta mstari mmoja baada ya mwingine. Kompyuta iliuliza kila mara kama ana uhakika, naye akabonyeza. Mstari wa A, wa B, wa C. Yeye mwenyewe alikaa E, na E ilipofika nilimtazama uso nione kama atasita. Kama alisita sikuona, kwa sababu nilikuwa nalia. Baada ya hapo akafungua lile pipa la takataka la kompyuta, ambalo mimi ndiye niliyemfundisha lilipo, akalimwaga. Nje wachumaji walikuwa wakirudi kutoka chakula cha mchana, mmoja anaimba. Akinyi akachomoa pasi ukutani, akakunja leso, akaniambia nisisahau kula.

Asubuhi yake hakuja. Alikuwa amemchukua Mercy wakaenda kituo cha polisi, ambako wenzake wengi walikuwa wameanza kukusanyika na vyombo vyao. Baba Shiku alikuja kama alivyoahidi, na kijana wake akakaa kwenye kompyuta, akabonyeza hapa na pale, akasema mzee hapa hakuna kitu. Nikasema ilijiharibu umeme ulipopotea. Baba Shiku alinitazama muda mrefu. "Nyambura," akasema, "wewe ni mtoto wetu." Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo nasikia aibu, na sijui ni aibu ya nani.

Jumapili ikaja, na vijana wa upande wetu wakaja bila orodha. Waligonga milango wakasalimia na kusikiliza namna mtu anavyoitikia. Waliuliza majirani, na majirani wengine walinyoosha kidole. Milango mingine waliivunja wakakuta watu wao wenyewe ndani. Mingine waliipita, na ndani yake watu walikuwa wamelala chini ya kitanda wakiwaziba watoto midomo. Nyumba zilichomwa, na walioondoka kwenye zile nyumba si wote walioondoka wazima. Sitaandika zaidi ya hapo. Na huyo huyo Baba Shiku, nilisikia baadaye kutoka kwa mtu asiye na sababu ya kusema uongo, alimficha mfanyakazi wake wa stoo, Mluhya, watu waliosakwa pamoja na Wajaluo, nyuma ya mapipa ya dawa mpaka hatari ikapita. Nimweke wapi mtu kama huyo? Mimi nilikaa naye benchi moja kanisani miaka mingine mitatu na sikujua.

Swali linaloniamsha si la Baba Shiku. Ni kama tulimwokoa mtu hata mmoja. Kila mlango waliouvunja walifika bila sisi, na kila mlango walioupita labda wangeupita hata wangekuwa na majina. Siku nyingine najiambia kwamba wangekuwa na ile orodha hakuna mlango ambao wangeupita. Siku nyingine najiambia kwamba tulichoma miaka ya watu bure. Mume wangu husema nilifanya nilichoweza, nami humjibu kwa ukali kwamba si mimi niliyefanya.

Viongozi wa pande mbili waliposhikana mikono na fujo ikaisha, Bwana Pravin alirudi, akasikia habari yote kutoka kwangu, mlango umefungwa. Hakunigombeza. Aliwaandikia wakubwa kwamba kompyuta iliharibika wakati wa fujo, akamleta fundi kutoka Nairobi, na fundi akasema imeshatumika sana tangu siku hiyo, kilichokuwepo kimefunikwa na kingine. Katikati ya mwaka wale wafanyakazi waliokimbia shamba wakaanza kurudi, si kufanya kazi, ila kudai kiinua mgongo chao. Shamba likapanga siku moja wasikilizwe wote. Wakapanga foleni nje ya dirisha letu, na amri kutoka juu ilikuwa moja: asiye na karatasi hana dai, kwa sababu akilipwa mmoja kwa maneno, wote watalipwa kwa maneno. Wachache walikuwa na kandarasi zilizopona. Wengi walikuwa na kitambulisho tu, na wengine hata hicho hawakuwa nacho.

Nilimwona Akinyi katikati ya foleni. Alikuwa amekonda na amefunga kitambaa cheusi, na sikuuliza ni cha msiba wa nani. Mbele yake kulikuwa na mwanamume mmoja wa mstari wa D, mpuliza dawa, aliyekuwa akiongea kwa sauti ili ofisi nzima isikie. Alisema kompyuta haijifuti. Alisema kuna mtu alifuta, mtu aliyetaka wao wafukuzwe na wasilipwe, na huyo mtu, kokote aliko, yeye na uzao wake wasione jema. Waliomzunguka wakasema amina. Akinyi alikuwa amesimama nyuma yake kabisa, amemshikia mfuko wake wa plastiki ili apate kurusha mikono vizuri.

Nilitoka nje. Nilikuwa nimekasirika, na nilikusudia kuwaambia wote, pale pale, nani alifuta na kwa nini. Akinyi alinishika kifundo cha mkono kabla sijafungua mdomo akanivuta kando ya ukuta wa chumba cha baridi. Nilimwambia hawezi kukubali kulaaniwa hivi. Akasema wacha walaani, wamechoka, na wametoka mbali. Nikamwambia basi aondoke, maana Bwana Pravin aliwaandikia wakubwa juu yake yeye peke yake, mimi nikaahidi kutoa ushahidi, na wakakataa yote mawili. Hakuna pesa hapo, asimame juani kwa nini.

"Nilijua hakuna pesa," akasema. "Nimekuja kuona nani amekuja."

Akaigeukia ile foleni. Alikuwa amepitisha pasi juu ya karatasi za kila mmoja wao, na hakuhitaji kompyuta. Aliwapitia kwa macho kuanzia mbele, midomo ikicheza, nami nikiwa karibu nilisikia anachosema. B tatu. B saba. C kumi na nne, wote wawili. D mbili, akasema, yule mpuliza dawa. Hapo katikati palikuwa na nambari alizozitaja akainua shingo kutafuta, akatafuta tena, kisha akaendelea na inayofuata. Mimi niliangalia chini. Sikuwa na ujasiri wa kujua ni zipi.

Alirudi kwenye nafasi yake, akamrudishia yule mtu mfuko wake. Foleni ilisogea polepole na jua likawa kali. Alipofika dirishani Bwana Pravin aliweka kalamu chini, akamtazama mtu aliyekula naye achari, na nadhani kama angeachwa angetoka nje akamshika mikono. Lakini nyuma yake watu walikuwa wanatazama, na alikuwa ameuliza kila mtu swali lile lile tangu asubuhi. Akachukua kalamu tena. Akamuuliza kama ana karatasi yoyote inayoonyesha alifanya kazi hapa.

"Sina," akasema Akinyi, akampisha aliyekuwa nyuma yake.